Shajara ya mradi: kutoka pedali sita hadi mashine moja ya efekti

Jumapili, 2 Machi 2025. Area C, Dodoma

Naanza shajara hii kwa sababu ya dakika nne za jana usiku. Tulikuwa tunapiga kwenye ukumbi mmoja upande wa Kisasa, harusi ya mwisho ya kikundi chetu kabla ya Kwaresima, na maharusi walikuwa wamekwisha kusimama mlangoni wakisubiri wimbo wa kuingilia. Mshereheshaji akawatangaza, mpiga dramu akahesabu, nami nikagusa nyuzi, na gitaa halikutoa sauti yoyote. Nilipiga magoti juu ya ubao wa pedali, vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha sauti ya gitaa, huku nimeing'ata simu kwa ajili ya tochi yake, nikichomoa na kuchomeka waya mmoja baada ya mwingine, wakati mpiga kinanda akibeba sehemu yake na yangu. Kosa lilikuwa kwenye kiwaya kifupi kinachounganisha pedali ya korasi na ile ya mwangwi. Kilikuwa kimekatikia ndani ya jeki, yaani ncha ya kuchomeka, mahali ambapo jicho halifiki. Mpiga picha wa video alikuwa makini sana jana, kwa hiyo familia hiyo itaendelea kuutazama mgongo wangu kwa miaka mingi.

Leo baada ya ibada nimeketi na kuhesabu. Ubao wangu una pedali sita: ya kulinganishia nyuzi, kompresa (husawazisha nguvu ya sauti), ovadraivu (huongeza mkwaruzo), korasi (huifanya sauti iyumbe kama ya magitaa kadhaa), mwangwi na riverbu (mvumo kama wa ukumbi mkubwa). Kuziunganisha zenyewe kwa zenyewe kunahitaji viwaya vitano, yaani jeki 10. Waya wa kutoka kwenye gitaa una jeki mbili, wa kwenda kwenye amplifaya una mbili nyingine, na kila pedali ina plagi yake ya umeme. Jumla ni viungo 20. Kwa kuwa sauti hupita humo kwa foleni, kiungo kimoja kikifa, mara nyingi gitaa zima hunyamaza. Nimeupiga ubao huu kwa miaka sita, na nikikumbuka vizuri, kila tatizo lililowahi kunipata jukwaani lilitokea kwenye viungo hivyo, wala si ndani ya pedali zenyewe.

Kanisani kwetu ndoa hazifungwi wakati wa Kwaresima, ambayo inaanza Jumatano hii, tarehe 5. Harusi yetu ya kwanza baada ya Pasaka ni Jumamosi, tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano. Nina wiki saba za kuhama kutoka pedali hizi hadi mashine moja yenye efekti zote ndani yake.

Jumamosi, 8 Machi

Wiki hii imekwenda katika kuchagua. Sharti langu la kwanza ni umeme, kwa maana harusi nyingi tunazopiga nje ya mji, Bahi, Mvumi au Kongwa, hutegemea jenereta, na jenereta hizo hupanda na kushuka kadiri friji za vinywaji zinavyowaka na kuzimika. Nilitaka mashine inayoweza kutumia betri za kawaida. Sharti hilo peke yake limeondoa nusu ya orodha: Line 6 HX Stomp, ambayo wapigaji wengi huisifu kwa haki, inadai volti 9 kwa ampia 3, mzigo ambao betri ndogo haziwezi kuubeba. Kwa upande mwingine, Boss GT-1 na Zoom G1X Four zote hutumia betri nne za AA, kila moja ina kanyagio la mguu la kupandisha na kushusha sauti, na uzito wake hauzidi ule wa mfuko wa sukari wa kilo mbili.

Nimeafikiana na muuzaji mmoja wa Dar es Salaam juu ya mashine iliyotumika, ya daraja hilohilo, kwa shilingi 480,000. Sitaitaja kwa jina humu, kwa sababu mengi nitakayoandika yanahusu daraja zima wala si kampuni moja.

Kabla haijafika nimefanya kazi ambayo naona ingekuwa kosa kubwa kuiruka, nayo ni kuzirekodi pedali kabla sijazitenganisha. Nilipiga gitaa kavu, bila efekti yoyote, moja kwa moja kwenye kompyuta: beti moja ya pambio la polepole, dakika mbili za sebene, na noti moja ndefu iliyoachwa ife yenyewe. Kisha nikaicheza rekodi hiyo kavu kupitia ubao wa pedali na kuirekodi upya, pedali moja moja na baadaye zote kwa pamoja. Kwa njia hii mashine ikifika nitaipa rekodi ileile kavu, vidole vilevile, na tofauti nitakayoisikia itakuwa ya vifaa tu. Kila kitasa cha kuzungusha nimekipiga picha mahali kilipo.

Jambo la kwanza nililogundua limenishangaza. Pedali yangu ya mwangwi ni ya analogia na haina namba yoyote juu yake, ila kitasa kilichoandikwa muda. Miaka yote hii nimekuwa nikikiweka kwa sikio. Nilipotazama mawimbi kwenye kompyuta nikakuta umbali wa mwangwi hadi mwangwi ni milisekunde 370 hivi, na kila unaporudi unakuwa na giza zaidi kuliko uliotangulia, kwa sababu saketi za namna hii hupokezana sauti kutoka chembe moja hadi nyingine kama watu wanaopeana ndoo za maji, na maji kidogo humwagika kila hatua. Kinachomwagika ni sauti za juu.

Jumapili, 16 Machi

Mashine imefika jana kwa basi, imefungwa kwenye khanga kuukuu ndani ya boksi la biskuti, salama kabisa. Muuzaji aliongezea adapta ya volti 9 kama zawadi. Kwa bahati nina mazoea ya kupima. Nilipoweka mita nikakuta chanya iko katikati ya plagi na hasi iko nje, ilhali karibu pedali zote za gitaa na mashine za daraja hili zinataka kinyume chake, hasi katikati. Adapta hiyo ilikuwa ya kifaa kingine, pengine cha intaneti. Ningeichomeka bila kupima, huenda shajara hii ingekuwa inaishia hapa. Fundi wa redio karibu na soko la Majengo ameigeuza nyaya kwa dakika tano, na nimeipima tena mbele yake kabla sijalipa.

Betri nne za kuchaji zimeiendesha kwa saa tano na dakika 40 bila kukoma. Harusi ndefu kwetu, tukitoa muda wa chakula na hotuba za wazee, haizidi saa tatu za kupiga.

Sauti zake za kiwandani nimezipitia usiku kwa spika za masikioni. Nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mtu aliye peke yake dukani: zina mwangwi mwingi, riverbu ya pango, na mkwaruzo unaofunika kila kitu. Ndani ya kikundi chenye kinanda, magitaa mawili, besi na waimbaji 30, sauti kama hizo huzama au huzamisha wengine. Sikuhifadhi hata moja.

Jumamosi, 22 Machi

Wiki ya nyuki. Naandika kwa kirefu kwa sababu nadhani hapa ndipo wengi huikatia tamaa mashine na kuirudisha sokoni.

Jumanne niliipeleka mazoezini na kuichomeka moja kwa moja kwenye miksa ya kanisa, kwa kuwa moja ya sababu za kuinunua ilikuwa kuacha kubeba amplifaya. Sauti safi ilikuwa ya kuvumilika. Nilipowasha ovadraivu, spika zikatoa mlio kama wa mzinga uliopigwa jiwe, mwembamba na wenye kukereketa. Mpiga besi, ambaye tangu mwanzo hakuupenda mradi huu, alisema kwa upole, "Kaka, rudisha vitu vyako vya zamani kabla Mwalimu wa kwaya hajafika."

Kosa lilikuwa langu. Pedali hazikuwahi kuwa sauti yangu peke yake; sehemu kubwa ya sauti hiyo ilikuwa spika ya amplifaya. Spika ya gitaa si kama spika ya muziki wa kawaida, kwa kuwa huanza kuzikata sauti za juu kuanzia kwenye hezi 5,000 hivi, na ni huko juu ndiko makali ya mkwaruzo hukaa. Spika za ukumbi hutoa kila kitu hadi mwisho wa usikivu wa binadamu. Kwa hiyo nilipoiondoa amplifaya niliondoa chujio ambalo sikujua ninalo, na nyuki wakatoka.

Mashine za sasa zina chujio hilo ndani yake, yaani kielelezo cha kasha la spika, pamoja na sehemu ya kuiambia mashine imechomekwa wapi: kwenye amplifaya ya gitaa au kwenye miksa. Yangu ilikuwa imewekwa kwenye amplifaya na mwenyewe wa awali, na mimi sikuitazama. Nilipoibadilisha, nyuki wakaondoka mara moja. Usiku ule nilikosea upande wa pili: nyumbani nilichomeka kwenye amplifaya yangu bila kurudisha mpangilio, sauti ikapita kwenye machujio mawili, la ndani ya mashine na la spika yenyewe, ikawa kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa blanketi. Sasa nimebandika karatasi chini ya mashine: MIKSA AU AMPLIFAYA? Ni neno la kwanza ninalolisoma ninapoipakua.

Mpiga besi alikuwa na hoja nyingine, kwamba mashine ya dijitali huchelewesha sauti na ndiyo maana gitaa langu "halikai kwenye mdundo". Nimepima. Ucheleweshaji ni milisekunde tatu hivi. Sauti husafiri hewani karibu sentimita 34 kwa kila milisekunde moja, kwa hiyo tatu ni sawa na kusogea mita moja kutoka kwenye spika yako. Yeye mwenyewe husimama mita nne kutoka kwenye ya kwake. Nilimwonyesha hesabu, akacheka, akasema basi tatizo ni mimi. Inawezekana.

Jumamosi, 29 Machi

Leo mpango niliokuwa nimeujenga kwa wiki nzima umevunjika, na nimeridhika kwamba umevunjika mazoezini.

Wazo langu lilikuwa jepesi na la mtu aliyesoma kijitabu cha maelekezo: kila wimbo na mpangilio wake uliohifadhiwa. Nilitengeneza mipangilio 14 yenye majina ya nyimbo. Katika kila mmoja kompresa, korasi, mwangwi na riverbu vimekaa kama wimbo unavyotaka, na kazi ya mguu ni kukanyaga mara moja tu kati ya wimbo na wimbo.

Mtu aliyewahi kupiga kwenye kwaya zetu atakuwa amekwisha kuliona tatizo. Pambio halina mwisho ulioandikwa. Linaanza polepole, waumini wakikolea Mwalimu anainua mkono, mpiga dramu anabadilisha mdundo, na bila kusimama tumekwisha kuingia kwenye sebene. Halafu ndani ya sebene anaunganisha pambio la pili, la tatu, na pengine anarudi la kwanza kwa ufunguo mwingine. Hakuna "kati ya wimbo na wimbo". Mipangilio yangu 14 ilidhani muziki una milango, kumbe ni uwanja.

Nilipojaribu kubadilisha katikati, mambo mawili yalitokea. Kwanza, kwa jinsi nilivyokuwa nimeipanga, aina ya mwangwi ilitofautiana kutoka mpangilio hadi mpangilio, kwa hiyo kila nilipokanyaga, mwangwi uliokuwa bado unalia ulikatwa kama kwa panga na pengo fupi likasikika. Pili, kuutoka mpangilio wa 3 kwenda wa 11 kulinilazimu kupita kwenye yote iliyo katikati, na mmojawapo ulikuwa na ovadraivu kali. Mwalimu wetu wa kwaya ni mzee mstaarabu ambaye hapazi sauti kamwe. Alisimamisha kwaya nzima, akaniuliza, "Kijana wangu, gitaa lina kwikwi?"

"Hapana, Mwalimu. Ni mimi niliyepanga vibaya."

"Basi panga kama ulivyokuwa unapiga."

Nimeyatafakari maneno hayo njiani nikirudi nyumbani, na naona yana ufundi ndani yake. Nilipokuwa na pedali sita sikuwa na sauti 14. Nilikuwa na sauti moja, safi yenye korasi kidogo, ambayo niliiongezea kitu au kuipunguzia kitu wimbo ukiendelea. Sauti hiyo yenyewe ina asili yake: korasi ya aina hii ilianza kama saketi ndani ya amplifaya ya Roland JC-120 ya mwaka 1975, na mwaka uliofuata saketi hiyo ikatolewa kama pedali, Boss CE-1. Gitaa la solo la bendi za dansi za ukanda huu lililoingia kwenye miaka ya 1980 likiwa linang'aa na kuyumba kidogo kama maji ya kisima lilikuwa na deni kwa saketi hiyo na ndugu zake.

Kwa hiyo nimefuta mipangilio yote 14 na kujenga mmoja. Kompresa iko kwenye nafasi huru ya kwanza, yaani inayopokea efekti yoyote, korasi kwenye ya pili, ovadraivu imelala, mwangwi na riverbu vipo. Vitufe vitatu vya mashine havibadilishi mpangilio tena: kimoja kinawasha ovadraivu, cha pili kinaongeza mwangwi kwa ajili ya sebene, cha tatu nitakieleza wiki ijayo. Kanyagio ni sauti kupanda na kushuka. Nimekosa nafasi ya tremolo, ile efekti ya sauti kupanda na kushuka kwa haraka, kwa kuwa nafasi huru ni mbili tu. Sikuwa nayo hata zamani, kwa hiyo siwezi kusema nimepoteza kitu.

Jumamosi, 5 Aprili

Kitufe cha tatu ni cha kugonga mwendo, na sababu yake ni hesabu.

Baada ya kwikwi kuisha, sebene bado lilikuwa limevurugika, na sikuelewa kwa nini, maana nilikuwa nimeweka mwangwi kwenye milisekunde 370, namba ileile niliyoipima kwenye pedali ya zamani. Nikarekodi mazoezi ya Jumanne na kuhesabu mapigo. Pambio letu moja lilianza kwa mapigo 116 kwa dakika, na lilipofika kilele cha sebene lilikuwa 132. Hakuna aliyekusudia, ni furaha tu. Mwangwi unaokaa vizuri kwenye sebene ni ule unaorudi baada ya robo tatu ya pigo, kwa sababu hujaza upenyo kati ya noti zako na kulifanya gitaa moja lisikike kama mawili. Kwa mapigo 116, robo tatu ya pigo ni milisekunde 388. Kwa 132, ni 341. Tofauti ya milisekunde 47 katika mzunguko unaojirudia maelfu ya mara inatosha kabisa kumfanya mpiga ridhimu akutazame kwa jicho la pembeni.

Lakini pedali ya zamani nayo ilikuwa imekaa palepale kwenye 370 wimbo mzima, na haikuvuruga kitu. Nilirudi kwenye rekodi za tarehe 8 Machi na kusikiliza zote mbili kwa kupokezana mpaka nikaelewa. Mwangwi wa pedali ya analogia huwa na giza; unaporudi mara ya pili umekwisha kuwa kivuli, na kivuli kikikosea hatua hakuna anayekiona. Mwangwi wa mashine ulikuwa safi na wenye makali kama noti ya kwanza, kwa hiyo kosa lake lilisikika hadi benchi la nyuma. Ubovu wa kifaa changu cha zamani ulikuwa unanifichia ubovu wa mwendo wetu.

Suluhisho lina sehemu mbili. Nimekata sauti za juu za mwangwi kuanzia hezi 3,000, na kuupunguza hadi uwe chini ya theluthi moja ya sauti ya gitaa lenyewe. Kisha kitufe cha tatu: sebene linapoanza nakigonga mara nne kufuata dramu, na mashine yenyewe inapiga hesabu ya robo tatu. Linapokolea nagonga tena. Mguu wangu wa kulia umejifunza kazi mpya nikiwa na miaka 41, na Alhamisi usiku mke wangu aliuliza kwa nini nagonga sakafu nikiwa nimelala.

Alhamisi Kuu, 17 Aprili

Nimeomba funguo za kanisa mchana, likiwa tupu, ili nirekebishe viwango vya sauti. Kila nilichokitengeneza nyumbani kwa spika za masikioni kilikuwa na besi nyingi mno nilipokipiga kwa sauti kubwa. Mnamo 1933 Fletcher na Munson, watafiti wa Bell nchini Marekani, walionyesha kwamba sikio la binadamu halisikii sauti za chini na za juu sana vizuri kama za kati pale sauti inapokuwa ndogo. Sauti ikikuzwa, pengo hilo hupungua. Mtu anayetengeneza sauti usiku wa manane kwa kuogopa kuwaamsha majirani huongeza besi bila kujijua, na siku ya ibada besi hiyo inamrudia. Nimeipunguza kwa kiasi kikubwa, nikapandisha kidogo sauti za kati ambako gitaa la solo linaishi, na kuhakikisha kwamba ovadraivu ikiwashwa sauti inapanda kwa kiasi cha kusikika tu bila kuwashtua wazee wa mbele.

Kulikuwa na muungurumo pia, wa chini na usiokoma, ule wa hezi 50 za umeme wetu. Kutoka mahali ninapokaa hadi kwenye miksa ni mita 25 hivi, na waya wa gitaa wa urefu huo huokota kila kitu. Fundi mitambo wetu alinipa kisanduku kidogo ambacho wenyewe wanakiita di-ai: kinapokea waya wangu mfupi na kutoa sauti kwa waya wa maikrofoni, wenye nyaya mbili zinazobeba sauti kinyume na kinyume ili kelele iliyookotwa njiani ijifute yenyewe. Muungurumo umekwisha. Nimeagiza kisanduku changu mwenyewe, kwa sababu katika kumbi za harusi sitarajii ukarimu kama huo.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Ibada mbili jana. Mashine imekaa kimya pale ilipotakiwa na imeimba pale ilipotakiwa. Mwalimu hakusema lolote kuhusu gitaa, jambo ambalo kwake ni sifa.

Jumapili, 27 Aprili

Harusi ya jana ilikuwa nje ya mji, kwenye njia ya Mvumi, turubai na viti vya kukodi, jenereta moja kwa kila kitu. Kupanga vyombo kumenichukua dakika sita. Zamani ilikuwa zaidi ya 20. Nilipata hata nafasi ya kunywa chai pamoja na wazee, na mmoja wao, aliyekuwa mpigaji wa ilimba, ala ya Wagogo inayopigwa kwa vidole gumba, enzi zake, alitaka kujua kisanduku kinafanya nini. Nilipowasha ovadraivu alitikisa kichwa kwa kuelewa. Alinieleza kwamba wao hufunika tundu dogo kwenye sanduku la ilimba kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo wake wa kukwaruza. Mkwaruzo, kwa hiyo, haukuja Ugogo kwa meli.

Jenereta lilizimika saa mbili usiku, katikati ya sebene la kamati. Spika zote zikanyamaza, taa zikazimika, dramu ikaendelea peke yake na wageni wakaimba kwa midomo. Betri za mashine hazikunipa sauti, bila shaka, kwa kuwa hapakuwa na spika ya kuitolea. Lakini umeme uliporudi baada ya dakika mbili, kinanda kilianza kujiwasha upya kwa utaratibu wake mrefu, ilhali gitaa lilikuwa tayari tangu pigo la kwanza, likiwa na mwendo uleule niliougonga kabla ya giza. Safari hii nilimbebea mpiga kinanda mzigo wake. Deni la tarehe 1 Machi limelipwa.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukipenda. Hewa ya jioni ilipopoa, ovadraivu ya mashine ilisikika kavu kuliko nilivyotaka, na nilihitaji kuiongeza kidogo tu, kama robo ya mzunguko wa kitasa. Kwenye pedali ningesogeza kitasa kwa ncha ya kiatu huku napiga. Kwenye mashine ilibidi niinamie, niingie kwenye ukurasa wa ovadraivu, nitafute mstari wake, nizungushe, nitoke, na nilipomaliza wimbo ulikuwa umebadilika. Zamani niliinama kwa sababu kitu kimekufa. Sasa ningekuwa nainama kwa sababu kitu kiko mbali.

Jumapili, 11 Mei

Pedali nne zimepata wenyewe wapya. Kompresa, korasi na riverbu zimeuzwa kwa vijana wawili, mmoja wa Nkuhungu na mwingine wa Kondoa, kwa jumla ya shilingi 310,000. Ya kulinganishia nyuzi nimempa mpiga besi, ambaye miaka yote alikuwa akiazima ya kwangu kwa ishara ya kidole. Ya mwangwi sijaiuza. Nimeiweka kabatini kwa sababu bado sijaweza kukinakili kivuli chake sawasawa, na Jumamosi zisizo na harusi nitaendelea kujaribu kwa kutumia rekodi ile kavu ya Machi.

Ovadraivu imerudi kazini. Nimeiweka mbele ya mashine, kati yake na gitaa, na kitufe kilichokuwa cha ovadraivu ya ndani sasa kinashusha korasi kwa ajili ya nyimbo za maombolezo. Naiendesha kwa betri yake yenyewe ya volti 9, ambayo huanza kuliwa mara jeki ya gitaa inapochomekwa, kwa hiyo karatasi ya chini ya mashine imeongezwa mstari wa pili: CHOMOA GITAA. Waya wa gitaa jeki mbili, kiwaya kifupi jeki mbili, waya wa kwenda kwenye kisanduku cha di-ai jeki mbili, plagi ya umeme moja. Viungo sasa ni saba, na kiwaya kifupi nimekichomelea mwenyewe.